Barua ya wazi kwa viongozi wetu Kilimanjaro na Arusha: madeni ya korona bado yako majumbani

Waheshimiwa viongozi, wakuu wa mikoa yetu miwili, wabunge, madiwani, na nyie mlioko wizara ya utalii na wizara ya fedha huko Dodoma, shikamooni mlionizidi umri na habari za kazi kwa wote.

Naandika kutoka Pasua hapa Moshi. Mume wangu ni mtu wa mlima, anapanda Kilimanjaro na wageni, alianza kama mpagazi sa hivi ni mpishi, mimi nina genge la mboga na ni mhazini wa kikoba, kikundi cha akina mama mtaani kwetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Hicho cheo cha uhazini ndo hasa kimenifanya niandike, maana anayeshika daftari la kikoba anajua kila nyumba inapitia nini hata kama mwenyewe hajafungua mdomo. Na ninachotaka kuwaambia ni kwamba korona mlishaifunga kwenye mafaili yenu lakini huku mtaani kuna nyumba bado zinalipa madeni ya mwaka 2020, na siku ugonjwa mwingine ukija nyumba hizo hizo zitaanguka vilevile kwa sababu sioni kitu kilichowekwa cha kuzishika.

Nianze na mwaka wetu unavyokwenda, maana wengi mnaotupangia mambo mna mshahara wa kila mwezi na hamjawahi kuishi hivi. Kwetu hela inaingia kuanzia Desemba mpaka Machi mwanzoni wageni wakiwepo, afu masika inaanza, Aprili na Mei mlima ni mvua na matope, kampuni zinabakiza watu wawili ofisini na baba anakaa nyumbani. Hiyo miezi ndo watu wanakopa. Wanakopa kwa sababu ndo muda wa kupanda mahindi huku tambarare, trekta inataka hela, mbegu zinataka hela, kodi ya nyumba imeisha na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, mtoto karudishwa nyumbani kufata ada. Kila anayekopa anakwambia nitalipa Juni msimu ukifunguka, na miaka yote analipa kweli, Julai na Agosti mtu anashuka mlimani analala siku mbili tatu anapanda tena, tipu zinaingia, Septemba deni limeisha anaanza kuweka akiba ya shule ya Januari. Maisha yetu yote yamesimama juu ya hiyo Juni.

Mwaka 2020 Juni haikuja. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi na alikuwa hapa hapa kwetu Arusha, mama wa Kitanzania aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini hata ziliporuhusiwa nani angepanda, huko Ulaya na Marekani watu wenyewe walikuwa wamefungiwa ndani. Mwaka 2019 nchi ilipata wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa 620,867. Nyie mliisoma kama takwimu, sisi tuliiona kwa vijana wa mlima waliokaa kijiweni kuanzia asubuhi hadi jioni na simu mkononi wakisubiri kampuni ipige, na simu haipigi.

Na haikuwa mlima peke yake. Arusha mjini madereva wa safari wakapaki magari, maflaikacha, wale vijana wanaofukuzia wageni barabarani, wa pale Mnara wa Saa wakapotea kabisa, wauza vinyago na shanga wakawa wanafungua duka kupiga vumbi tu wanafunga. Dada yangu yuko Usa River, alikuwa shamba la maua, kazi yake kufunga mafungu ya rozi zinazoenda Ulaya. Ndege hakuna na soko la huko limefungwa, maua yakawa yanakatwa yanatupwa, na akina mama wakaambiwa warudi nyumbani wataitwa. Namanga nako, Mei hiyo hiyo Kenya ikafunga mpaka kwa watu ikaacha mizigo tu, akina mama waliokuwa wanavuka na vitunguu na nguo wakabaki upande huu. Yaani kila mlango ambao huku kaskazini tunapitishia riziki ulifungwa kwa wakati mmoja, ndo maana nasema mkoa mwingine unaweza kusema korona haikuwa kitu, sisi hatuwezi.

Sasa niwaeleze kikoba, maana hapo ndo nilipoona yote. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ndani kuna hela za hisa, daftari, na mfuko wa jamii, ile hela kidogo ambayo kila mmoja anaacha kila kikao kwa ajili ya msiba na ugonjwa, haina riba wala hairudishwi. Aprili tulikaa kikao tumeachiana nafasi, barakoa za kitenge usoni, ndoo ya maji tiririka na sabuni pale mlangoni. Walionunua hisa siku ile walikuwa wachache sana na walioomba kukopa karibu wote. Mei tukasimamisha mikopo. Mfuko wa jamii tukautoa kwa waliokuwa hawana kabisa, ukaisha, na bado hatujapata msiba hata mmoja. Baada ya hapo mama mmoja ambae mumewe ni dereva wa watalii akasimama akasema jamani tuvunje kikoba kila mtu achukue chake, mimi watoto wangu hawajala. Nani angembishia?

Tukavunja kabla mzunguko haujaisha. Mnaojua vikoba mnaelewa hiyo maana yake nini, mwenye deni hisa zake zinakatwa zinafidia deni hatoki na kitu, na asiye na deni naye anapata pungufu kwa sababu hela yake iko mikononi mwa mwenzake ambae hana pa kuitoa. Kuna majirani waliokuwa wanaachiana funguo na watoto, toka siku ile hawasalimiani. Ile imani tuliijenga miaka na haijarudi kama mwanzo, sa hivi kikoba kipo lakini watu wanakopa kwa woga na wengine hawakurudi kabisa.

Na kikoba walau ni chetu, tunaoneana huruma. Waliokuwa na mikopo ya nje, hii tunayoiita kausha damu, hao waliona mambo. Marejesho ni kila wiki, Jumatatu ukikosa afisa mikopo anakuja anakaa kwenye benchi nje ya mlango wako mpaka jioni kila anayepita anamuona. Na mikopo mingi ni ya kundi, kwa hiyo usipolipa wenzako ndo wanalipa, ndo maana wenzako hao hao mnaoimba nao kwaya wanaingia ndani kwako kubeba sofa. Nilishuhudia nyumba ya jirani yangu, walibeba tv na sabufa, wiki iliyofata wakaja kuchukua mtungi wa gesi, na mtungi ulikuwa na gesi, sufuria ya maharage iko jikoni haijaiva. Yule mama aliitoa ile sufuria akaja kumalizia kwangu kwenye mkaa hakusema neno hata moja.

Ni kweli mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilitoa unafuu, ikapunguza kiasi ambacho mabenki yanatakiwa kuweka kwake, ikaruhusu mabenki yakae na wateja warefushe mikopo. Lilikuwa jambo zuri na nalishukuru. Lakini huo unafuu ulikwenda kwa mwenye mkopo wa benki, mwenye hoteli, mwenye magari ya safari. Mama mwenye mkopo wa laki tatu wa kila wiki hakuna aliyemrefushia. Alieendelea kudaiwa bila kusimama hata wiki moja ndo yule aliyekuwa na kidogo kuliko wote.

Mkitaka kujua nyumba inaishaje, angalieni inavyouza vitu. Kwanza zilitoka tv na redio, afu pikipiki, afu kitanda cha wageni. Watu wa mlima wakaanza kuuza vifaa vya kazi, mabuti, makoti ya baridi, mifuko ya kulalia, vyote vikaishia kwenye mitumba ya Memorial kwa bei ya kutupa. Mtu akishauza buti lake la mlima ameuza na kazi yake, maana msimu ukirudi anaambiwa getini huna vifaa huwezi kupanda, anakodisha, na ile ya kukodisha inakatwa kwenye posho kabla hajaishika. Milo ikatoka mitatu ikawa miwili, maziwa ya watoto yakakatwa mapema sana. Na serikali ilipoleta masomo kwa redio na tv shule zikiwa zimefungwa, watoto wengi mtaani kwetu tv ishauzwa, walikuwa wanaenda kuchungulia dirishani kwa jirani.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni sio wote walirudi. Wapo wavulana waliokuwa washaonja hela ya kubeba mizigo Mbuyuni na Kiboroloni wakaona bora hiyo, na wapo mabinti waliobeba mimba ile miezi mitatu ya kukaa bure, na wakati ule sheria zilikuwa haziwaruhusu kurudi. Mlipobadilisha hilo Novemba 2021 nilifurahi sana, mpaka leo nafurahi, ila mabinti wa 2020 wengine walikuwa washaozwa.

Waliobaki salama zaidi ni wenye kihamba, shamba la ukoo huko mlimani. Hili naomba mlisikie vizuri kwa sababu nimesikia watu wakisema Wachaga walipona kwa sababu ni wachapakazi. Walipona wale ambao wana shamba la baba yao huko juu Kibosho, Marangu, Rombo, maana mtu alipandisha mke na watoto kijijini, ndizi zipo, mboga ipo, kodi ya nyumba hakuna, akabaki mwenyewe mjini kwenye chumba kimoja anahangaika. Lakini Moshi na Arusha sio za Wachaga na Wameru peke yao, kuna watu wametoka Singida, Kondoa, Same, Tanga, wamekuja kutafuta kazi ya utalii wana chumba cha kupanga tu. Hao hawakuwa na pa kupanda. Na hata vihamba vyenyewe vinagawanywa kila kizazi, watoto wetu sijui watapanda kwenda wapi.

Kuhusu afya sisemi sana. Takwimu za ugonjwa zilisimama mwishoni mwa Aprili 2020 na kuanzia hapo kila nyumba ikawa inajikadiria yenyewe, tukafukiza mvuke, tukanywa tangawizi na malimao mpaka bei ya limao ikapanda. Mwanzoni mwa 2021 misiba ikaongezeka, tunaambiwa ni changamoto ya upumuaji, watu wanahangaika kutafuta mtungi wa oksijeni na hawana bima. Mtu aliyepoteza mzazi kipindi kile alipoteza na ng'ombe na kiwanja, vyote viliuzwa kwa matibabu na mazishi. Chanjo ilipokuja Julai 2021 wengi walikuwa washazoea kusikia kwamba hakuna ugonjwa, wakaogopa chanjo kuliko ugonjwa wenyewe. Naomba tu safari nyingine mtuambie ukweli mapema hata kama ni mchungu, mwenye duka na mwenye genge wanajipanga kwa taarifa.

Na kuna hili la wanaume, ambalo hakuna anayeliongelea. Mwanaume aliyezoea kurudi nyumbani na begi mgongoni na hela ya tipu mfukoni, watoto wanamkimbilia, anakaa mwaka mzima anaomba mkewe nauli ya kifodi. Wengine waliingia kwenye gongo na hawajatoka. Wengine wakawa wakali, mama anapigwa kwa sababu kauliza chumvi. Nyumba zilizovunjika kipindi kile hazimo kwenye ripoti yoyote ya uchumi lakini watoto wake wako mtaani sa hivi mnawaona.

Mlifanya nini? Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, mwanangu mmoja anasoma kwenye darasa lililojengwa kwa hela hiyo, ni darasa zuri lina madawati, na wengine wamepata maji, hospitali zimepata vifaa. Kwenye utalii zilikwenda kwenye vitu kama barabara za hifadhini. Vyote vinahitajika. Ila mpagazi aliyeuza buti hakurudishiwa buti. Mkasema TASAF ipo, ule mfuko wa maendeleo ya jamii. TASAF inanusuru kaya maskini walioandikwa baada ya kuchujwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, sasa kaya iliyokuwa inakula vizuri Februari na Mei haina kitu haiwezi kuwa kwenye hiyo orodha, na ikisubiri uandikishaji mwingine itakuwa ishauza mpaka bati. NSSF nayo, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi, ina fao la kukosa ajira, mwanachama analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, lakini lazima awe amechangiwa miezi 18 na awe na ajira ya kueleweka. Mkataba wa mtu wa mlima unaanzia getini na unaishia getini. Najua mmefungua milango kwa waliojiajiri wajichangie wenyewe kwa hiari, ila mtu ambaye miezi miwili kila mwaka anaishi kwa mkopo mnategemea achange kwa hiari kutoka wapi?

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili. Mgeni wa nje anayepanda Kilimanjaro analipa hifadhini dola 70 kwa siku kabla ya VAT, akikaa siku saba ni dola 490 kabla hujaweka kambi wala kibali kingine. Juu yake analipa dola 20 za uokoaji ili akizidiwa huko juu ateremshwe, na ni haki yake. Naomba katika hizo 70 mtenge dola mbili tu za kila siku, bila kumuongezea mgeni hata senti, ziingie kwenye mfuko wa dharura wa wafanyakazi wa msimu wa utalii, wapagazi, wapishi, waongozaji, madereva, wafagiaji na wapishi wa kambi kule Serengeti na Tarangire. Mfuko ukae peke yake kwa mujibu wa sheria usichanganywe na hela nyingine, na uwe na siku ya kufunguka inayojulikana, kwa mfano wageni wakishuka chini ya nusu ya mwaka uliopita kwa miezi miwili, mfuko unafunguka wenyewe bila kusubiri mtu atie saini, kila aliyesajiliwa anatumiwa kwenye simu yake kiasi cha kula na kulipa kodi.

Najua mtasema hatuwajui hawa watu, hawana ajira rasmi. Mnawajua. Kila mpagazi akifika geti la Machame au Marangu anaandikwa jina, mzigo wake unapimwa usizidi kilo 20, na akishuka anaandikwa tena. Madaftari ya hifadhi yanajua nani alipanda mara ngapi mwaka mzima. Hiyo ndo orodha, ipo tayari, imetumika kuhesabu kilo za mzigo na sasa itumike kumhesabu anayeubeba.

Ombi la pili ni la marejesho. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo toka 2018 na hawa wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni, kwa hiyo wekeni kanuni kwamba likitangazwa janga, marejesho ya mikopo midogo yanasimama miezi mitatu nchi nzima, riba isiongezeke, na ni marufuku kubeba vyombo vya jikoni vya mtu. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za akina mama, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, mliisimamisha 2023 mkairudisha 2024 na sababu zenu mlizieleza, lakini vikundi vilivyoshindwa kurejesha kwa sababu ya 2020 bado vinahesabiwa kama wadaiwa sugu. Maafisa maendeleo wapite kikundi kimoja kimoja, watenganishe aliyekula hela na aliyeangushwa na korona.

Msione nazungumza mambo ya zamani. Januari 2025 homa ya Marburg ilitangazwa tena kule Kagera, ikadhibitiwa na Machi ikatangazwa imeisha, hongera kwa wahudumu wa afya kwa kweli. Lakini ile wiki ya kwanza mume wangu alinionyesha kwenye simu kundi lao la watu wa mlima, wanaulizana kama wageni wataghairi, na usiku huo huo mtaani kulikuwa na mtu ameshaanza kuulizia bei ya kuuza pikipiki. Mwaka 2024 wageni walikuwa wengi kuliko mwaka wowote uliotangulia, walipita milioni 2.1, na mwaka wenye wageni wengi hivi ndo wa kuanzisha mfuko, mkisubiri mwaka mbaya hakutakuwa na cha kutenga.

Vikao vya bajeti vinaanza Aprili, mwezi ambao sisi huku tunaanza kukopa. Naomba wabunge wa Kilimanjaro na Arusha mkae pamoja bila kujali jimbo wala chama, mlipeleke hili la dola mbili bungeni, na waziri ajibu linawezekana au haliwezekani na kwa nini. Anayetaka kuona madaftari yetu ya 2020 anakaribishwa, majina tumeyafunika lakini hesabu zote ziko wazi, tunakutana kila Jumapili mchana baada ya ibada.

Ni mimi,
Mhazini wa kikoba, Pasua, Moshi